Mupaka kwa Saidati

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema. Mlio na redio nyumbani, ongezeni sauti kidogo. Mliosimama chini ya kipaza sauti pale sokoni, sogeeni, wanaotoka kazini nao wapate nafasi. Leo tunamkumbuka mtu mmoja wa Gisenyi, jina lake Faradji Ndayisaba. Wengi mlimwita Faradji Mupaka. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, mwezi huu wa Julai 1958, akiwa na miaka arobaini na miwili au karibu na hapo.

Faradji alikuwa mfyekaji. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi na vichaka kwa panga, ili njia ionekane. Mtu wa kazi kama hiyo mara nyingi hafiki redioni. Faradji amefika kwa sababu ya maneno matatu aliyoyasema kiangazi cha mwaka 1954. Maneno hayo nusura yamwondoe mama mjane nyumbani kwake. Maneno yenyewe ni haya: Mupaka kwa Saidati. Yashikeni, wasikilizaji wapendwa. Tutayarudia.

Kwanza mahali penyewe. Mnaotusikia kutoka Usumbura na Bukavu huenda hampajui, na wenyeji mtatuvumilia.

Gisenyi na Goma zimekaa kwenye kona moja ya ziwa Kivu, upande wa kaskazini. Simama mchangani Gisenyi, uso uelekee majini. Goma iko mkono wako wa kulia. Mlima Nyiragongo uko mgongoni, na jioni unawawashia watu wa pande zote mbili taa nyekundu ileile. Sasa anza kutembea kwenda Goma. Mguu ndio utakaokwambia umefika wapi. Kwanza mchanga, laini. Halafu udongo unakuwa mweusi. Halafu yanaanza mawe ya moto wa zamani, yale yanayokula soli za viatu, na hapo ujue Goma imeshakupokea.

Gisenyi ina mto Sebeya, ina bustani, ina mahoteli na watu wanaotembea polepole. Goma haina mto. Ina malori, ina tanuri za chokaa, ina watu wanaoongea kama wanaitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Watu wa Gisenyi wanasema Goma kuna vumbi. Watu wa Goma wanasema Gisenyi kuna usingizi. Na siku ya soko, akina mama wa Kanama wakishuka na maharagwe na viazi, wanawauzia wote, na wanawapunja wote sawasawa.

Kwenye vitabu vya serikali, upande mmoja ni Ruanda-Urundi na upande wa pili ni Kongo. Lakini zamani ukimuuliza mtu mpaka unapita wapi, alikuonyesha kwa kidevu. Hapo. Hapo karibu. Hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa kutojua zaidi ya hapo.

Faradji alizaliwa katikati ya vita ile ya kwanza, wakati askari wa Mdachi walikuwa bado wamekaa juu ya mlima Rubavu. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Ujiji, aliyefika na wafanyabiashara wa vitambaa akaoa hapa, asirudi tena. Fundi yule alitaka mwanawe ashone. Haikuwezekana. Mkono wa Faradji ulikuwa mzito kwenye sindano. Alishona suruali moja tu maishani mwake, na aliyeivaa alitembea upande upande kama kaa.

Lakini kuna kitu alichokirithi. Alichukua uzi wa baba yake na kipande cha chaki ya fundi, akaingia navyo porini. Aliufunga uzi kwenye kijiti huku, akaufunga kwenye kijiti kule, akafyeka akiufuata. Njia yake ilitoka imenyooka kama pindo la kanzu. Wenzake walifyeka kwa macho. Yeye alifyeka kwa uzi. Na kila jioni alipenda sana kuulizwa amefika wapi, kwa sababu kila jioni alikuwa amefika mbali kuliko wenzake. Hilo nalo lishikeni.

Alimwoa Mukankusi, binti wa mvuvi wa huku chini ziwani. Wakapata watoto wawili. Mwaka 1947 akajenga nyumba yao ya kwanza, upande wa juu, pale Gisenyi inapokaribia kuisha. Na hapo ndipo jiwe linapoingia.

Kwenye kiwanja kile kulikuwa na jiwe limesimama ardhini. Mawe meusi yamejaa kila mahali huko, lakini hili lilikuwa la kuchongwa, lenye kichwa cha mraba. Faradji alilichimba siku tatu kwa mtaimbo. Halikutoka. Jumatatu hii tulifika kwa mjane wake, Mama Mukankusi, tukaketi naye. Alitueleza mwenyewe:

"Mi ndiye nilisema. Nilimwambia, Baba Watoto, acha kujiua. Jiko inataka mawe matatu. Moja iko tayari, imesimama. Leta mbili, tujenge jiko hapo hapo."

Basi mawe mawili yakaletwa, yakawekwa kulifuata lile la tatu. Kuta za jiko zikajengwa kuyazunguka, na paa likafuata. Kwa miaka saba Mukankusi alipika juu ya jiwe la kuchongwa, likawa jeusi kama wenzake.

Tukamuuliza: je, marehemu alijua ni jiwe gani? Akasema: "Alijua nusu."

Sasa tuje kwa Saidati. Mama Saidati yu hai, ana afya, na tunajua anatusikiliza, kwa sababu alituambia atasikiliza ili ajue kama tutasema uongo. Ni mjane wa Muhamadi, dereva wa lori. Nyumba yake iko hatua sitini kutoka pale alipokuwa amejenga Faradji, upande wa ndani wa Gisenyi. Anauza chai ya tangawizi na mandazi. Muhamadi alimjengea nyumba ile kabla ya kufariki, akaiwekea milango miwili. Mlango wa mbele unatazama Gisenyi. Mlango wa nyuma unatazama Goma. Asubuhi wavuvi na mafundi cherehani wanaingia kwa mbele. Wachoma chokaa, miguu myeupe hadi magotini, wanaingia kwa nyuma. Wote wanakutana kwenye benchi mbili na birika moja. Nyumba ile ukiiziba mlango mmoja, biashara inabaki nusu. Ukiibomoa, Saidati habaki na kitu.

Kiangazi cha 1954 alikuja Mzungu wa ramani. Alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, na chombo chake cha miguu mitatu. Kazi yake ilikuwa kuupima upya mpaka kati ya miji hii miwili, kutoka ziwani kwenda juu. Akaajiri wafyekaji sita, na Faradji akiwa mmoja wao. Akapewa karani wa kumtafsiria, Bwana Nzeyimana, kijana wa shule, mwenye kalamu mbili mfukoni.

Mzungu alikuwa anatafuta mawe ya zamani. Yalitakiwa yawe matatu. La kwanza walilipata ziwani, limefunikwa na mchanga. La tatu walilipata juu, kwenye mawe meusi. La pili, la katikati, hawakuliona. Walitafuta wiki nzima.

Faradji aliliona lile la ziwani likifukuliwa. Kichwa cha mraba. Msalaba umechongwa juu, na namba ubavuni. Siku ile, wasikilizaji wapendwa, ile nusu aliyokuwa akiijua ikawa nzima. Akaendelea kufyeka. Hakusema neno. Hatumsafishi na hatumpaki matope, tunaeleza tu ilivyokuwa. Mtu alikuwa na mke, watoto wawili na paa. Akanyamaza.

Kisha ikaja siku ya jino. Nzeyimana aliamka shavu limevimba, akaenda kung'olewa jino. Mzungu akabaki bila mdomo. Kiswahili alichokuwa nacho yeye kilikuwa cha kuagiza: leta, funga, polepole, wapi. Saa kumi jioni akamfuata Faradji aliyekuwa akifyeka mbele ya wenzake, akasimama na daftari, akauliza:

"Faradji! Mupaka wapi?"

Tulieni hapa kidogo. Mzungu alitaka kujua mpaka uko wapi. Mpaka wa nchi. Lakini Faradji, kila jioni ya Mungu, alikuwa anaulizwa na Nzeyimana: mumefyeka mupaka wapi leo? Mmefika wapi? Lilikuwa ndilo swali analolipenda kuliko yote. Akajipangusa jasho. Akajibu kwa furaha:

"Mupaka kwa Saidati, Bwana!"

"Kwa Saidati?"

"Ndiyo, Bwana. Mupaka mulango ya nyuma kabisa."

"Bon. Muzuri sana," Mzungu akasema. Akaandika. Akampa sigara. Faradji akarudi nyumbani akimsimulia mkewe jinsi kazi yake ilivyosifiwa, na kesho yake akaionyesha ile sigara kwa wenzake kabla ya kuivuta.

Neno ni moja. Huyu aliulizia mpaka wa nchi, yule akajibu mpaka wa kazi. Kwa Kiswahili tu ndipo watu wawili wanaweza kusikilizana vizuri hivyo na wasielewane hata kidogo.

Mwezi Septemba ramani ikatoka, na amri ikatoka nayo. Mpaka unatoka jiwe la ziwani, unapita kwa Saidati mlango wa nyuma, unakwenda jiwe la juu. Hatua kumi kila upande pawe wazi. Pasiwe na nyumba wala bustani. Watu wawili wakaja na kopo la rangi nyekundu, wakachora msalaba kwenye mlango wa nyuma wa Mama Saidati. Akapewa siku ishirini, na ahadi ya kiwanja Kanama, kule milimani, kwenye viazi.

Sisi tulimuuliza Mama Saidati alisema nini siku ile. Alisema hivi:

"Nilisema, Kanama nitauzia chai nani? Viazi?"

Alicheka alipotuambia. Siku yenyewe hakucheka. Wateja wanasema alimwaga chai nje ya kikombe mara tatu, na yeye hakuwa mtu wa kumwaga chai.

Mji ukatafuta mkosaji, na mji haukutafuta mbali. Karani! Nani mwingine anayejua maneno ya Wazungu? Nzeyimana akaanza kusalimiwa kwa shida. Fundi aliyekuwa anamshonea koti akaliacha bila mikono. Asubuhi moja Nzeyimana hakuweza tena, akaingia kwa Mama Saidati kwa mlango wa mbele, daftari la Mzungu mkononi. Benchi zote mbili zilikuwa zimejaa. Faradji alikuwa ameketi karibu na mlango wa nyuma, kikombe mkononi.

"Batu ya hapa, munanionea," Nzeyimana akasema. "Siku ile mi nilikuwa natolewa jino. Musikilize imeandikwa nini." Akasoma, akaitafsiri palepale: "Mupaka uko kwa Saidati, mulango ya nyuma. Neno la mufyekaji." Akafunga daftari. "Wafyekaji walikuwa sita. Mi sijui ni nani. Yeye anajijua."

Faradji alijijua. Kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno yake mwenyewe kwa sikio la mwingine, akaelewa aliulizwa nini na alijibu nini. Juu ya kichwa chake ule msalaba mwekundu ulikuwa bado unang'aa. Mama Saidati akapita na birika, akamwongezea chai, akasema, "Kunywa, mutoto yangu, hii inaweza kuwa ya mwisho." Akainywa. Alimwambia mkewe baadaye kwamba hakuisikia ladha yake, na kwamba aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Akatoka kwa mlango wa nyuma, hatua sitini, akafika kwake. Mukankusi alikuwa jikoni. Chungu cha maharagwe kilikuwa motoni. Yaliyofuata ni kwa maneno ya Mama Mukankusi, nasi hatuongezi chumvi:

"Aliingia akakaa chini kama mutu mugonjwa. Akanieleza yote. Nikamwambia, alors, ni rahisi. Enda kwa Muzungu, sema hukusikia vizuri. Sema Saidati haiko mupaka. Akasema, ndiyo. Halafu Muzungu ataniuliza, kama haiko kwa Saidati, basi iko wapi? Tukajikuta wote wawili tunaangalia jiwe."

Wasikilizaji wapendwa, mnaona jambo lilivyokaa. Akinyamaza, nyumba ya Saidati inabomolewa na nyumba yake inabaki. Akisema, nyumba ya Saidati inabaki na yake inabomolewa. Hatua sitini kati yao. Mtu mmoja tu anajua, na mkewe.

Mukankusi aliinuka. Kisha akachukua mwiko, akakoroga chungu.

"Nilimwambia, maharagwe haijaiva," anasema. "Ngoja iive. Tule kwanza. Hatuwezi kuita watu jiko ikiwa na moto."

Ndivyo walivyoamua. Hawakulisema kwa neno lingine. Wakangoja maharagwe yaive, wakala, wakawalisha watoto. Mukankusi akazima moto, akayatoa makaa nje, akafagia majivu. Faradji akavaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akaenda kumwita Mzungu wa ramani, na Nzeyimana wa kutafsiri; njiani akamkiria Nzeyimana kwamba mfyekaji yule ni yeye.

Walipofika, jiko lilikuwa safi. Mukankusi alikuwa amepiga magoti, anasugua jiwe kwa mchanga wa ziwani na maji. Weusi wa miaka saba hautoki haraka. Wote watatu walisimama wakimtazama. Kwanza ukatokea msalaba. Halafu ubavuni ikatokea namba.

Mzungu alivua kofia. Akainama, akapitisha kidole kwenye namba ile. Akageuka, uso umewiva, akaanza kufoka kwa Kifaransa, na Nzeyimana akawa anatafsiri kwa ufupi kila mara: "Amekasirika. Bado amekasirika. Anauliza kwa nini ulificha."

"Mwambie iko nyumba yangu," Faradji akasema.

Nzeyimana akatafsiri. Mzungu akayatazama yale mawe mawili mengine, na chungu kilichopinduliwa pembeni. Akauliza tena kwa Kiswahili chake mwenyewe, taratibu safari hii:

"Faradji. Mupaka wapi?"

Faradji akaweka kiganja juu ya jiwe. "Mupaka hii, Bwana."

Nzeyimana anakiri kwamba alimchukia Faradji mpaka dakika ile. Baada ya hapo, anasema, alishindwa kuendelea.

Ramani ikarekebishwa. Msalaba mwekundu kwa Saidati ukapakwa chokaa, ingawa ukitazama vizuri bado unauona. Faradji aliondolewa kazini kwa kuficha jiwe. Lakini kabla ya kuondolewa aliomba jambo moja, akakubaliwa. Nyumba yake aliibomoa mwenyewe. Uwanja wake aliufyeka mwenyewe, hatua kumi kila upande, kwa uzi na chaki. Wanaopita pale wanajua kwamba hakuna kipande cha mpaka kilichonyooka kama kile.

Na Mama Saidati? Mngependa tuwaambie kwamba alimkumbatia. Hakumkumbatia. Faradji alikwenda kumwambia kwamba lile neno lilikuwa lake, na yeye akasikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango wa nyuma. Siku tisa Faradji hakupewa chai. Siku ya kumi ndiyo nyumba ilikuwa inabomolewa. Mukankusi alikuwa ameketi nje juu ya godoro, na watoto, na vyungu, na mawe mawili ya jiko. Lile la tatu lilikuwa limebaki ardhini, mali ya serikali. Wakamwona Mama Saidati anakuja, hatua sitini, kitu kizito kichwani. Akakitua mbele ya Mukankusi. Lilikuwa jiwe. Alikuwa amelitoa kwenye jiko lake.

"Utapikia juu ya nini?" akamuuliza Mukankusi. Kwa Faradji hakusema kitu. Lakini kesho yake mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kikombe chake kilikuwa juu ya benchi.

Wenzake wa msikitini wakampatia mahali pa kujenga chini, karibu na ziwa. Akawa anaunganisha nyavu pamoja na shemeji zake, na watu wanasema hata huko alivuta uzi vizuri kuliko wote. Miaka miwili iliyopita kifua kikaanza kumsumbua. Akapungua mwili. Daktari akamwambia atembee kidogo kila siku. Basi kila asubuhi alishika fimbo, na kila asubuhi Mukankusi alimuuliza akiwa mlangoni, "Mupaka wapi leo?" Na yeye akajibu, "Mupaka kwa Saidati." Walikuwa wanacheka. Mwezi wa tano alikuwa akipumzika njiani mara nne. Mwezi wa sita alikuwa akifika kwa kushikwa mkono. Lakini alifika.

Alifariki hospitalini, upande wa Goma. Kuzikwa ilibidi azikwe Gisenyi, kwenye makaburi ya Waislamu, pembeni mwa baba yake. Basi watu wa Goma wakalibeba jeneza, wachoma chokaa na madereva, na watu wa Gisenyi wakatoka kwenda kuwapokea njiani, kama desturi ilivyo, bega kwa bega, zamu kwa zamu. Nzeyimana alikuwa mbele akiwapanga watu. Sasa ni mtu mzima, na kalamu zake mbili bado anazo. Kijana mmoja wa Goma, mgeni wa mambo haya, jeneza begani, akamuuliza:

"Muzee, sisi tubebe mupaka wapi?"

Waliokuwa karibu wote walimtazama Nzeyimana. Akasema:

"Mupaka kwa Saidati."

Wakabeba mpaka kwa Saidati. Mama Saidati alikuwa amefungua milango yote miwili. Jeneza halikuzunguka nyumba. Liliingia kwa mlango wa Goma, likapita katikati ya benchi, likatoka kwa mlango wa Gisenyi, na humo ndani ndimo mabega yalimobadilishana.

Mama Mukankusi, pole sana. Watoto, poleni. Kwa lugha ya nyumbani: mwihangane. Mama Saidati, pole na wewe, na kama tumesema uongo utatuambia. Wafyekaji wote wa Gisenyi na wachoma chokaa wote wa Goma, poleni kwa kuondokewa na mwenzenu. Mungu amlaze mahali pema.

Na sisi tuliobaki, wa mchangani na wa kwenye mawe meusi, tuyatafakari haya mawili tukielekea nyumbani. La kwanza ni dogo: mtu akikuuliza mpaka wapi, muulize kwanza anataka kujua nini. La pili kila mtu alitazame jikoni kwake mwenyewe, ajiulize ni jiwe gani anapikia juu yake huku amenyamaza.

Mama Saidati alituomba tuseme jambo moja la mwisho. Kikombe cha Faradji bado kiko juu ya benchi, karibu na mlango wa nyuma. Asubuhi ya leo mchoma chokaa mmoja alitaka kukaa pale. Mama Saidati akamwambia asogee kidogo.